Taya la mchimbaji litatengenezwa na nani? Namna tulivyomchagulia shule mtoto wetu muganga wa meno

Alikuja siku ya posho, mwezi wa pili, kwa pirogi ya Lubunga. Wenzake wawili walimshika, mmoja huku, mwingine huku. Walitoka kwenye kariere ya almasi upande wa Opala, siku tatu, nusu kwa pikipiki, nusu kwa miguu. Taya lake la kuume lilikuwa limevimba mpaka shingoni. Mdomo haukufunguka hata kupitisha kijiko, na mate yalikuwa yanashuka kwenye kitambaa alichojifunga. Jino lenyewe lilikuwa limeng'olewa wiki moja mbele, kule kule kariere, kwa pensi ya kutengenezea pikipiki.

Sisi wa sendika tulimpeleka hospitali usiku ule ule. Daktari wa zamu, kijana ambaye si muganga wa meno, alituambia wazi: usaha ukishuka chini ya ulimi na kuingia shingoni, unafunga njia ya pumzi, na mtu anakufa huku anaangalia watu. Alipasua, akatosha usaha, akatia dawa kwenye mshipa. Mwenzetu akaepuka kifo. Lakini mfupa wa taya ulikuwa umekwisha kuanza kuoza, na kwa ule daktari akasema anatakiwa mtu wa mataya. "Mumpeleke Kinshasa."

Kinshasa, kwa mto, ni karibu kilometa 1 700. Kwa ndege, ni makuta ambayo mchimbaji hayaoni hata akichekecha changarawe miezi mingi. Mwenzetu bado yuko hapa Mangobo, kwa dada yake, anakunywa uji.

Hatuandiki haya kwa kulia tu. Tunayaandika juu sendika yetu iliamua kusaidia mtoto wetu mmoja asome kazi hiyo ya mataya, na tulipoanza kutafuta shule tukaona tulikuwa hatujui kitu. Tumefanya makosa, tumeuliza, tumejifunza. Ndugu wachimbaji, na nyinyi mama mnaolipa minervali ya watoto, someni. Mtoto wako akiwa anasomea uganga, ujenzi ao jiolojia, mengi ya humu yatakufaa.

Mtoto wetu, na kidonda cha zamani

Binti huyo ni wa mwenzetu mchimbaji. Alikulia kati ya Bafwasende na komini ya Kabondo, akaenda kusoma uganga wa meno kwenye Université de Kinshasa, akamaliza, akarudi. Wengi hawarudi. Ametumika hapa zaidi ya miaka miwili, kwa kiti kimoja na umeme wa kuvizia. Mwaka jana alisimama kwenye mkutano wetu akasema:

"Ba papa na ba mama, jino mimi naweza kutosha, naweza kuziba, naweza kusafisha. Lakini taya likivunjika, ao uvimbe ukiingia ndani ya mfupa, mikono yangu inaishia pale. Naomba munisaidie nirudi kwenye masomo."

Watu walipiga makofi, kisha kukawa kimya. Kila mmoja alikumbuka kijana wetu wa kwanza. Huyo tulimchangia miaka kadhaa iliyopita, akaenda inchi ya nje, kwenye shule ambayo jina lake tunaliacha. Alirudi nyuma ya mwaka mmoja na karatasi nzuri sana, yenye muhuri mwekundu, imeandikwa kwamba yeye ni spesialisti. Alipoipeleka kuthibitishwa, akajibiwa kwamba ile si diploma ya spesialite. Ni cheti cha kuhudhuria mafunzo. Makuta ya kotizasio yakaisha hivyo, na kijana akashikwa na haya mpaka akahama mji.

Ndiyo maana mkutano ulikata hivi: hakuna franka itatoka kabla ya kulinganisha shule. Tulichagua watu watano: wachimbaji wawili, mama mmoja anayepika chakula kwenye kariere, muuguzi mmoja wa zamani aliyekwisha pata pansio, na sisi wa ofisi ya sendika. Mzee wetu mmoja alitukumbusha maneno ya wakubwa: mali bila daftari huisha bila habari. Tukanunua daftari.

Kwanza, spesialisti wa meno ni nani?

Wengi wetu tulifikiri muganga wa meno ni mmoja tu, yule wa kung'oa. Binti alitueleza kwa mfano wa kariere. Kwenye shimo, yule wa kupima udongo si yule wa moto-pompe, na yule wa kuchekecha si yule wa kushika kamba. Kwa meno pia ni hivyo. Mtu anasoma kwanza uganga wa meno wa jumla, miaka mitano ao zaidi, halafu anafanya kazi ya majaribio hospitalini. Nyuma ya pale anaweza kuchagua tawi.

Kuna tawi la upasuaji wa kinywa na mataya: mifupa iliyovunjika, usaha wa shingo, uvimbe, saratani ya mdomo. Kuna tawi la meno ya watoto. Kuna la kupanga meno yaliyokaa vibaya, lile la chuma na waya. Kuna la kutengeneza meno ya kuweka mahali pa yale yaliyotoka. Kuna la fizi. Kuna la mizizi ya jino. Na kuna tawi la afya ya meno ya watu wote, ambalo halikai sana na kiti: linakwenda shuleni, kijijini, linahesabu wagonjwa, linashauri serikali.

Mara nyingi tawi ni miaka mitatu ao zaidi. Na hapa ndipo tulianza kuelewa kosa la kijana wetu wa kwanza. Mtu akikuambia kwamba utakuwa spesialisti wa mataya kwa miezi sita, ujue anauza karatasi.

Tazama shimo mbele ya kununua mashine

Mama mpishi alituuliza swali ambalo wanaume hatukuwa tumeliuliza: "Wagonjwa wetu wako na nini?" Alisema kweli. Hakuna PDG mwenye akili anayenunua mashine mbele ya kuangalia udongo. Tukaketi na binti, na muuguzi wetu, tukaandika.

La kwanza ni meno yaliyooza tu. Shirika la afya duniani, OMS, linasema karibu watu miliari 3,5 duniani wako na ugonjwa wa kinywa, na kuoza kwa meno ndiko kunaongoza. Lakini kwa Afrika OMS ilihesabu waganga wa meno 3,3 kwa watu 100 000, karibu sehemu moja ya kumi ya hesabu ya dunia nzima. Jino ambalo mji mwingine linazibwa kwa saa moja, kwetu linangoja, linageuka usaha, na usaha unashuka shingoni. Hivyo ndivyo mwenzetu wa Opala alifika pale alipofika.

La pili ni mataya yaliyovunjika: jiwe limeshuka shimoni, pikipiki imeanguka na mizigo, ao watu wamepigana usiku nyuma ya lotoko.

La tatu ni uvimbe wa taya unaokua polepole, miaka na miaka, bila maumivu makubwa. Si saratani, lakini unakula mfupa. Watu wanaufunika kwa kitambaa na kusema ni ulozi. Unatakiwa kutolewa na mtu anayejua, la sivyo unarudi.

La nne ni la watoto wetu. Kuna ugonjwa unaoitwa noma. Unaanza kama kidonda cha ufizi kwa mtoto aliyekosa chakula kizuri, mara nyingi wa miaka 2 mpaka 6, nyuma ya surua ao malaria. Kwa siku chache unatoboa shavu. Ukishikwa mapema, antibiotiki na chakula vinauzuia. Ukichelewa, mtoto anakufa, ao anabaki na uso uliokatika. OMS iliuweka kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa mwezi wa 12, mwaka 2023.

La tano ni la wenzetu wa dhahabu, si wa almasi. Sisi wa almasi hatutumii zebaki. Wenzetu wa dhahabu wanaitumia kukamata vumbi la dhahabu, kisha wanaichoma, mara nyingi karibu na jiko la nyumba. Moshi wake hauonekani vizuri, lakini unaingia mwilini: fizi zinavimba na kutoka damu, mate yanajaa mdomoni, meno yanalegea, mikono inatetemeka. Mtu anang'oa jino moja, kesho lingine, na kumbe ugonjwa si wa jino, ni wa moshi. Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana mkataba wa Minamata, kwa jina la mji wa Japani uliopigwa na sumu hiyo, ili kupunguza matumizi ya zebaki. Muganga wa meno anayejua kariere anaweza kuwa wa kwanza kuona sumu hiyo kwenye mdomo wa mchimbaji.

Tulipomaliza kuandika, jibu lilikuwa mbele yetu. Kupanga meno kwa waya ni kazi nzuri, na yenye makuta. Lakini kwa mji wetu na kariere zetu, upasuaji wa kinywa na mataya ndio unaokoa uhai. Binti naye alikuwa amekwisha kulichagua hilo kabla yetu. Tulifurahi kwamba hatukulazimisha mtu.

Milango miwili: mlango wa Kifaransa na mlango wa Kiingereza

Wazee wengi walisema mara moja: "Tumutume Ufaransa." Sisi pia tulikuwa na mawazo hayo. Lugha tunaijua, jina ni kubwa. Tulipouliza, tukakuta jambo ambalo hakuna mtu alikuwa ametuambia.

Ufaransa, spesialite za waganga wa meno ni tatu: kupanga meno na mataya (miaka mitatu), upasuaji wa kinywa (miaka minne), na uganga wa kinywa kwa wagonjwa wa namna ngumu (miaka mitatu). Hizo mbili za mwisho zilianzishwa mwaka 2011. Kuingia ni kwa mtihani wa mashindano, nafasi ni chache, lakini aliyeingia analipwa na hospitali. Basi, upasuaji wa kinywa upo. Ila upasuaji mkubwa wa mataya na uso, ule wa kuunganisha mfupa uliovunjika vipande na kuondoa uvimbe mkubwa, kule ni spesialite ya waganga wa mwili, wale waliosoma médecine. Muganga wa meno peke yake haingii. Ujerumani ndiyo kabisa: anayetaka kazi hiyo anatakiwa kuwa na diploma zote mbili, ya mwili na ya meno.

Kwa jirani zetu wa mashariki, waliofuata njia ya Waingereza, mlango uko tofauti. Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, muganga wa meno anaweza kuomba masomo ya upasuaji wa kinywa na mataya moja kwa moja, na diploma yake ya meno.

Muone namna makuta yangepotea. Tungemtuma binti mbali, kwa jina kubwa, na angerudi bila ruhusa ya kugusa taya la yule mwenzetu wa Opala. Shule ingekuwa nzuri, lakini isingekuwa ya kazi tuliyotaka.

Tulivyolinganisha shule

*Kinshasa.* Ndiyo ya kwanza tuliyotazama, juu ni ya kwetu. Binti anajulikana pale, maprofesa ni wale wale, lugha ni ile ile, diploma haina shida ya kutambuliwa ndani ya inchi. Faida kubwa. Maswali yetu yalikuwa mawili: asistanti anangoja miaka mingapi mpaka kumaliza, na wakati huo anakula nini? Tunamshauri kila mzazi kwenda kuuliza maasistanti wenyewe, si ofisi tu. Asistanti aliyeko mwaka wa tatu atakuambia ukweli ambao karatasi ya tangazo haisemi.

*Kampala.* Makerere ina masomo ya upasuaji wa kinywa na mataya, na kazi yake ni kwenye hospitali kubwa ya Mulago, inayopokea wagonjwa wa Uganda nzima. Kwa njia ya barabara ndiyo ya karibu: Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa, Komanda, Beni, Kasindi. Lakini nyinyi mnaijua njia hiyo. Usalama wake si wa kuandika kwa wino. Masomo ni kwa Kiingereza, na wagonjwa wengi wanaongea Kiganda.

*Nairobi.* Université ya Nairobi ina matawi mengi: upasuaji wa mataya, meno ya watoto, meno ya kuweka, fizi. Kwa mtoto ambaye bado anasita kati ya matawi, ni mahali pazuri pa kutazama. Mji wenyewe unakula makuta. Nyumba na usafiri vinaweza kupita minervali.

*Dar es Salaam.* Pale kuna université ya Muhimbili, MUHAS. Inafundisha uganga wa meno tangu mwaka 1979, na ina spesialite kadhaa, ya mataya ikiwemo. Kazi inafanyika kwenye hospitali ya taifa ya Muhimbili, ambako wagonjwa wa mataya wanatumwa kutoka pande zote za Tanzania. Uvimbe uliokaa miaka kumi, taya lililochelewa, ni wagonjwa kama wetu kabisa. Darasa ni kwa Kiingereza, lakini mgonjwa anaongea Kiswahili. Hilo lilitugusa. Muganga anayeuliza "unaumwa wapi, tangu lini?" bila mkalimani anajifunza haraka, na akirudi hapa maneno yako tayari mdomoni.

*Dakar na Abidjan.* Zote mbili zina shule za meno za zamani, kwa Kifaransa, na inchi zao ziko pamoja na yetu kwenye CAMES, baraza la Afrika na Madagaska linalotazama diploma. Kwa mtoto asiyejua Kiingereza hata kidogo, na anayetaka tawi kama fizi ao meno ya kuweka, tungemtazamisha huko kwanza. Ndege ndiyo inauma. Na kwa upasuaji mkubwa wa mataya, lazima kuuliza swali lile lile la Ufaransa: muganga wa meno anaruhusiwa kugusa nini?

Jambo moja lingine. Inchi yetu imeingia kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Shule nyingi za huko ziko na bei mbili, ya wenyeji na ya wageni. Mzazi asikubali kuandikiwa bei ya mgeni bila kuuliza Mkongomani sasa yuko kwenye mstari gani. Aulize kwa maandishi, na jibu alitunze.

Maswali saba ya kuuliza kila shule

Daftari letu lilijaa, na mwishoni tulilifupisha kwa maswali saba. Yakateni muyabandike ukutani.

1. Diploma hii itatambuliwa kwetu? Usingoje kurudi. Uliza mbele, kwenye wizara ya masomo ya juu ambako kuna komisio ya ekivalansi, na kwenye ordre ya kazi. Hili ndilo lililomuangusha kijana wetu wa kwanza.

2. Mwanafunzi anapasua mwenyewe, ao anaangalia tu? Shule nzuri inamlazimisha kila asistanti kuwa na kitabu cha kazi: tarehe, ugonjwa, alifanya nini, nani alimsimamia, sahihi. Omba kujua kitabu hicho kinadai kazi ngapi mpaka mwisho.

3. Walimu wa tawi hilo ni wangapi, na wako pale kila siku? Tawi lenye mwalimu mmoja ni kama shimo lenye kamba moja.

4. Baraza la waganga la inchi hiyo litampa ruhusa ya kugusa wagonjwa? Uganda, Kenya na Tanzania, kila moja ina baraza lake. Bila karatasi ya baraza, mgeni anakaa nyuma anaangalia, miaka yote.

5. Makuta yote, si minervali tu. Nyumba, chakula, visa, karatasi za baraza, vitabu, kazi ya utafiti wa mwisho, tikiti za kurudi wakati wa kilio. Na je, asistanti analipwa kitu, ao anatumika bure?

6. Lugha. Si ya darasa tu; hata ya mgonjwa. Miezi sita ya kujifunza Kiingereza hapa nyumbani ni rahisi kuliko kurudia mwaka mzima kule.

7. Waliomaliza wako wapi? Tafuta watatu, wapigie simu. Kama shule haiwezi kukutajia hata mmoja, funga daftari.

Binti alivyotugeuzia swali

Tulipofika kwenye mkataba, sisi wa sendika tulikuwa wagumu. Tuliandika kwamba akimaliza atatumika Kisangani miaka kumi, na kwamba diploma yake itakaa ndani ya sanduku la sendika mpaka deni liishe. Tulifikiri tumejilinda.

Binti alisoma, akarudisha karatasi mezani taratibu.

"Ba papa, nawaheshimu. Kurudi nitarudi, hata mwanzo nilirudi bila mtu kunifunga kamba. Lakini diploma si redio ya kuweka rehani. Na mimi niko na swali langu. Nikirudi, nitapasua na nini? Mpasuaji wa mataya anataka chumba cha operasio, mtu wa kulaza mgonjwa usingizi, vibati na misumari midogo ya kuunganisha mfupa, damu ya kuongeza, umeme usiokatika katikati ya kazi. Munanisainisha mimi. Nyinyi mutasaini nini?"

Hatukuwa na jibu. Muuguzi wetu wa zamani ndiye aliongea: "Mtoto anasema kweli. Tumezoea kumlaumu aliyekimbia, na hatuulizi alikimbia nini."

Jioni ile tuliona kazi yetu haiishii kwenye kuchagua shule. Tungempeleka kwenye shule bora ya dunia, na kama hapa hakuna hata bati la kuunganisha taya, angekaa mikono mitupu, na siku moja angekubali kazi ya Kinshasa ao ya nje. Shule, mtu na hospitali vinachaguliwa pamoja. Hata aina ya shule inategemea hilo: anayejifunza na mashine ambazo hatutakuwa nazo kwa miaka ishirini atajisikia mgeni nyumbani. Ni heri ile inayofundisha kufanya vizuri na vichache, kisha na vingi vikija.

Tukaandika mkataba upya, wa pande mbili. Yeye atatumika hapa miaka mitano, na diploma ni yake. Akiondoka mbele ya wakati, atarudisha makuta kwa kiasi cha miaka iliyobaki. Sisi tunasaini kwamba kila miezi sita tutampa hesabu ya yale tuliyopigania kwenye hospitali na kwenye provensi. Na tutabisha hodi kwa makampuni. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inadai kampuni inayochimba itoe asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa mahali. Barabara na shule ni vizuri. Kwa nini chumba cha operasio na masomo ya spesialisti visiwe kwenye orodha? Hilo tunalisema kwa wenzetu wote wa sendika na wa kooperative: wakati wa kuandika cahier des charges, mwekeni muganga ndani.

Tulipofika leo

Kura ilipigwa. Dar es Salaam ni ya kwanza, Kampala ya pili, na mlango wa Kinshasa tumeuacha wazi kama hizo mbili zitakataa. Dosie inaandaliwa. Binti anasoma Kiingereza kila jioni na mwalimu mmoja wa komini Makiso, na asubuhi bado yuko kwenye kiti chake kimoja. Barua ya kuuliza ekivalansi imekwenda mbele ya kila kitu kingine. Safari hii hatungojei muhuri mwekundu.

Kotizasio haijafika nusu. Tunalisema bila haya, juu daftari liko wazi: memba yeyote anaweza kuja ofisini siku ya posho, kuanzia saa tatu, akasoma kila franka. Wenzetu wa dhahabu wa Bafwasende wameomba kuingia nasi. Tumewakubali kwa sharti moja, wamruhusu binti aende kwao siku tatu mbele ya kuondoka, aangalie fizi za wale wanaochoma zebaki na kuwafundisha kuchomea mbali na nyumba na watoto.

Yule mwenzetu wa Opala alikuja kwenye mkutano wa mwisho. Hawezi bado kutafuna. Alitoa franka elfu mbili, akaziweka mezani, akasema kwa mdomo uliofunguka nusu: "Ya taya langu. Ao ya mwingine."

Tuliandika jina lake kwenye daftari, mstari wake, na tarehe.